BCom sasa au MBA baadaye, Mlimani hapohapo: kwa mwenye EGM ipi ina mantiki?

DadaWaTabata

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo kwa ajili ya mdogo wangu.

Kamaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa EGM: Uchumi B, Jiografia C, Hisabati ya Juu C. Hisabati ya Kidato cha Nne anayo B. Anataka kazi za fedha, kwa maneno yake "benki au hesabu". Chuo ameshajichagulia, ni Mlimani tu (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM), kingine hataki kukisikia. Mvutano uliobaki nyumbani ni njia ya kupitia.

Njia ya kwanza ni BCom (shahada ya kwanza ya biashara) ya Uhasibu pale Shule Kuu ya Biashara (UDBS), miaka mitatu, kisha aingie mtaani. Njia ya pili, ambayo ndiyo anayoing'ang'ania yeye, ni kusoma Shahada ya Takwimu hapohapo UDSM, halafu arudi UDBS kuchukua MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara). Hoja yake ni kwamba mwenye MBA ni mkubwa kuliko mwenye BCom, kwa hiyo kwa nini asome biashara mara mbili?

Baba naye ana lake: asome BCom na aunganishe MBA moja kwa moja, "akiwa bado na akili ya shule".

Upande wa pesa, shahada ya kwanza tunategemea mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nyumbani tunaweza kuchangia kama milioni moja na nusu kwa mwaka, zaidi ya hapo tutaumia. Wanaojua ndani ya hivi vitu, naombeni mnieleze bila kunipaka mafuta.

MkaguziMkavu

Dada, anza na matangazo ya kazi, chuo kije baadaye.

Ingia Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa ajira za serikali), fungua tangazo lolote la Afisa Hesabu daraja la II au Mkaguzi wa Ndani daraja la II, usome kipengele cha sifa za mwombaji. Kinaanza na shahada ya kwanza: Uhasibu, Biashara iliyojikita kwenye Uhasibu, au sifa inayolingana na hizo. Mwenye Takwimu chini na MBA juu anaishia mlangoni, kwa sababu mchujo wa kwanza unafanyika kwa jina la shahada lililoandikwa kwenye cheti. MBA hairudi nyuma kulibadilisha jina hilo, hata ikiwa na mkondo wa fedha. Anayechuja ana orodha mezani na rundo la maombi. Mwaka 2025 TRA (Mamlaka ya Mapato) walitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita laki moja. Kwa wingi ule hakuna atakayekaa kutafakari kwamba huyu kijana wa Takwimu huenda hesabu anaziweza.

La pili ni NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Mwenye shahada ya uhasibu akijisajili kwa mitihani yao ya CPA (cheti cha mhasibu mtaalamu) anaanzia ngazi ya kati. Mwenye shahada ya fani nyingine anaanzia ngazi ya msingi. Mitihani ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kwa hiyo ngazi moja ya ziada ni angalau miezi sita kwa anayefaulu yote kwa mkupuo, na wanaofaulu yote kwa mkupuo si wengi. Msipange kwamba MBA ya jumla itamrusha ngazi hiyo.

Kwa hiyo muulize anaposema "hesabu" anamaanisha nini. Kama ni kuandaa hesabu za kampuni, kukagua, na siku moja kuweka sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi, aende BCom Uhasibu na mjadala ufungwe. Kama ni "benki", hapo kuna la kuzungumza, maana benki ni nyumba yenye vyumba vingi.

Na hiyo ya mwenye MBA kuwa mkubwa kuliko mwenye BCom: kwenye ngazi za sifa za elimu ya juu shahada ya kwanza ni ya 8 na uzamili ni ya 9, sawa. Ila tangazo la kuanzia kazi linaomba ya 8. Ukija na ya 9 utaanzia daraja lilelile na mshahara uleule wa mwenzako wa BCom.

NambaHazidanganyi

Mkaguzi yuko sahihi kwa kazi za uhasibu, lakini asimfungie kijana mlango wa Takwimu kirahisi hivyo.

Chukua benki. Tangu Januari 2018, kiwango cha kimataifa cha IFRS 9 kinazitaka benki zitenge fedha kwa hasara wanayoitarajia kwenye mikopo. Hawasubiri tena mteja ashindwe kulipa ndipo waandike. Maana yake kila mkopo unahitaji makadirio matatu: uwezekano wa mteja kushindwa, sehemu ya fedha itakayopotea akishindwa, na kiasi atakachokuwa anadaiwa wakati huo. Mfano mwepesi: deni la milioni 100, uwezekano wa kushindwa asilimia 4, na akishindwa benki inapoteza asilimia 45 baada ya kuuza dhamana. Zidisha: milioni 100 × 0.04 × 0.45 = milioni 1.8. Hiyo ndiyo inayotengwa.

Mhasibu anajua pa kuiandika hiyo 1.8 kwenye vitabu. Swali la "hiyo asilimia 4 imetoka wapi?" linajibiwa na mtu wa takwimu, na ndio maana vitengo vya hatari za mikopo vinatafuta watu wa Takwimu, Akchuaria (hesabu za hatari na bima), Uchumi wenye hesabu. Bima vilevile. Serikalini ipo kada ya Mtakwimu daraja la II, nayo inataka shahada ya kwanza ya Takwimu au inayofanana nayo. Kwa hiyo kanuni ya mkaguzi inakata pande mbili, kwa sababu mwenye BCom na MBA yake hawezi kuingia utakwimu.

Ila, dada, angalia: kazi zote nilizotaja hapo juu mtu anaingia na shahada ya Takwimu pekee. MBA haimo. Anachohitaji juu ya cheti ni kujua Excel mpaka ndani, SQL ya kuchota data, na programu ya takwimu, R au Stata mojawapo, aiweze kweli. Kama anachagua Takwimu kwa sababu tu "nitaifunika na MBA", hajaichagua Takwimu.

Na C ya Hisabati ya Juu itamtosha kuingia, lakini Takwimu ya chuo ni uwezekano, kalkulasi na aljebra ya matriki kuanzia mwaka wa kwanza. Kama hiyo C aliipata kwa kukariri maswali yaliyopita, mwaka wa kwanza utamla.

HesabuZaMfukoni

Mimi niongelee hela, maana hapo ndipo mipango mingi inapovunjikia.

Shahada ya kwanza ina Bodi ya Mikopo. Ada ya programu kama hizi kwa Mtanzania pale UDSM ni kwenye milioni moja na kitu kwa mwaka. Akipata mkopo, fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, yaani bumu la siku 60 ni 600,000. Kwa milioni na nusu yenu, hata Bodi wakimpa sehemu tu ya ada, mnamaliza salama.

Uzamili ni habari nyingine. Ada ya MBA ni mara kadhaa ya ada ya BCom, bumu hakuna, na nafasi za ufadhili ni chache na nyingi zina walengwa wao. Msiziweke kwenye bajeti. Kwa uwezo mlioutaja, MBA ya kuunganisha moja kwa moja maana yake ni mzee kuuza kitu.

Sasa tuseme anaisomea akiwa kazini. Kapata kazi sekta binafsi, mshahara wa msingi 1,000,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF asilimia 10, inatoka 100,000. Kodi inahesabiwa kwenye 900,000 iliyobaki: 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata asilimia 8 ni 20,000, kisha 240,000 kwa asilimia 20 ni 48,000, na 140,000 ya mwisho kwa asilimia 25 ni 35,000. Jumla ya kodi 103,000. Halafu Bodi nao wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi anabaki na 647,000.

Hiyo 647,000 ndiyo ya chumba, nauli, chakula, na kumtumia mama. Toa humo ada ya MBA ya jioni uone.

Kama deni lake la Bodi ni milioni 9, kwa 150,000 kwa mwezi linaisha baada ya miezi 60. Likiisha, mkononi anafika 797,000 hata kama mshahara haujapanda. Mtu aliyemaliza chuo na miaka 23 na kuanza kazi mapema anafika hapo akiwa na 28 au 29, na huo ndio umri ambao MBA inaanza kumlipa, kwa sababu kuna cheo cha kukigombania. Kabla ya hapo anajilipia mapambo.

Njia nyingine ni mwajiri kulipa. Zipo taasisi zinazofanya hivyo, lakini unasaini mkataba wa kutumikia muda fulani baada ya kumaliza, na ukiondoka kabla unarudisha fedha. Usome vizuri kipengele kinachosema unarudisha zote au kwa uwiano wa miezi iliyobaki. Tofauti yake ni mamilioni.

KalamuNyekundu

Nijibu hoja ya mzee, ile ya kuunganisha BCom na MBA shule ileile.

Fungua orodha ya kozi za mwaka wa kwanza wa MBA ya jumla: uhasibu wa fedha, usimamizi wa masoko, tabia za watu kazini, mbinu za kihesabu, uchumi wa biashara, usimamizi wa fedha. Mtu aliyetoka BCom mwezi wa saba na kuingia MBA mwezi wa kumi anazikuta kozi ambazo nusu yake kazisoma, jengo lilelile, na mara nyingine mwalimu yuleyule. MBA iliundwa kwa ajili ya mhandisi, daktari, mwalimu, mwanasheria ambaye kazi imempandisha mpaka kwenye kusimamia watu na bajeti, na hajui mizania (taarifa ya mali na madeni) inasomwaje. Darasa lenyewe linaendeshwa kwa mijadala ya kesi za makampuni, na mjadala unanoga kwa walio na kazi za kuzungumzia. Aliyetoka bwenini jana atasikiliza tu.

Mhitimu wa BCom anayetaka uzamili mapema ni heri achukue wa fani moja, kama uzamili wa fedha au wa uhasibu, ambao unaenda chini zaidi ya alichosoma. Na kama ni MBA, akaichukue chuo kingine apate walimu wengine na mtandao mwingine wa watu: Mzumbe wapo, ESAMI Arusha wapo, Chuo Kikuu Huria wapo kwa asiyeweza kuacha kazi.

Kwa mtu wa Takwimu, kwa upande wake, MBA ya UDBS haitakuwa marudio hata kidogo. Kozi za namba atapita akipiga mluzi. Kitakachomkwamisha ni debiti na krediti. Afike akiwa ameshajifundisha kuingiza miamala kwenye leja, kutoa urari (jedwali la salio za leja), kisha kutengeneza taarifa ya mapato, mizania na mtiririko wa fedha kutoka kwenye urari huohuo. Wiki sita za jioni zinatosha. Asipofanya hivyo, wiki ya tatu darasa litakuwa linachambua uwiano wa mizania na yeye bado anauliza kwa nini fedha taslimu ikiongezeka inadebitiwa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni alama. Shahada ya kwanza pale, C inakupitisha na pointi zako mbili. Kwenye uzamili C ni kufeli. Anayejua kuishi kwa kupita juu kwa juu atashtuka.

Na tasnifu. Kozi zinaisha kwa ratiba, tasnifu haina anayekusukuma. Mlolongo wake ni pendekezo, msimamizi, marekebisho ya pendekezo, kibali cha utafiti, ukusanyaji wa data, uandishi, ukaguzi wa kunakili, watahini, marekebisho tena. Wanaokwama, wengi wanakwamia kwenye data. Mfano wa kila siku: mtu anafanya kazi benki, anachagua mada ya tabia za wateja kulipa mikopo, anaandika pendekezo safi kabisa, halafu benki inagoma kumpa data. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, mwajiri anasita hata akiombwa na mfanyakazi wake, na ana haki ya kusita. Miezi minne imekwenda, anaanza mada upya, na ada ya kuongeza muda inamsubiri.

Mwingine anakokotoa sampuli kwa fomula ya Yamane: wafanyakazi 400, kosa la asilimia 5, 400 gawanya kwa (1 + 400 × 0.0025), anapata 200. Anachapa dodoso 200 kamili. Zinarudi 138, ishirini hazijajazwa vizuri, zinabaki 118. Chapa au tuma zaidi ya unazohitaji, tangu mwanzo, na barua ya ruhusa ya taasisi uwe nayo mkononi kabla ya pendekezo kupitishwa.

Mpita_Njia_Ubungo

Wakuu mmeongea yote ila hamjamwambia ukweli kwamba mtaani BCom ni nyingi kuliko daladala za Mbezi. Kijana akijichanganya na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 2.9 bila CPA atakaa nyumbani vilevile.

MkaguziMkavu

@Mpita_Njia kweli tupu, na ndiyo maana CPA ianze kupangwa chuo kikiwa hakijaisha. Mtihani wa mwisho wa BCom unaisha katikati ya mwaka, mitihani ya bodi ni Novemba, na usajili unafungwa kabla ya hapo. Anayefuatilia matokeo na vyeti vyake haraka na kujisajili anaingia Novemba ileile, mambo yakiwa bado ya moto kichwani. Anayesema "nipumzike kwanza" anakutwa na Mei, halafu Novemba ya mwaka mwingine, na viwango vya uhasibu anavisoma kama mgeni.

Nikubaliane pia na NambaHazidanganyi kuhusu vitengo vya hatari za mikopo. Nilichosema mimi ni kwamba asiende Takwimu akitegemea MBA imgeuze kuwa mhasibu.

DadaWaTabata

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote na nimempa simu naye asome. Amekaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Maswali mawili zaidi. Moja, Baba anasema akiwa na MBA anaweza hata kufundisha chuo, je ni kweli? Mbili, akiingia programu moja akaona siyo, kuhama hapohapo Mlimani ni rahisi?

KalamuNyekundu

Kufundisha chuo kikuu, mlango wake uko kwenye shahada ya kwanza, na hapo mzee hajaelezwa vizuri. Utaratibu wa vyuo vikuu vyetu vya umma unataka GPA ya 3.8 kwenda juu kwenye shahada ya kwanza ili uajiriwe mkufunzi msaidizi, na ukiingia na uzamili unaulizwa 4.0 ya uzamili pamoja na ile 3.8 ya shahada ya kwanza. Mwenye MBA ya 4.5 juu ya BCom ya 3.4 hapiti. Vyeti vyote viwili vinawekwa mezani.

Sasa pale Mlimani A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na alama inatokana na kazi za darasani asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60. Fanya hesabu: mwaka wa kwanza akitoka na 3.2, na kozi zikiwa na uzito sawa kila mwaka, ili afike 3.8 anahitaji jumla ya 11.4 kwa miaka mitatu. Toa 3.2, inabaki 8.2, yaani wastani wa 4.1 mwaka wa pili na wa tatu. Inawezekana, lakini kila kozi lazima iwe B+ na A kidogo, hakuna nafasi ya C hata moja ya bahati mbaya. Mwaka wa kwanza ndio unaoua ndoto za ualimu wa chuo, kwa sababu ndio mwaka wa kuzurura Mlimani City.

Kwa anayewaza ualimu, basi, swali la BCom au Takwimu linajibiwa na wapi atapata 3.8. Mwenye B ya Uchumi na C ya Hisabati, kwa kukisia, ataipata BCom kwa jasho dogo kuliko Takwimu. Lakini huko ni kukisia. Mwulizeni yeye anapoona swali la hesabu usiku anasisimka au anatafuta chaja.

MBA yenyewe inakubali kuanzia daraja la pili la chini, yaani 2.7. Chini ya hapo mtu hupitia stashahada ya uzamili kwanza, mwaka mwingine na ada nyingine.

NambaHazidanganyi

Kuhama: inawezekana wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza tu, na kwa masharti mawili, kwamba programu anayohamia ina nafasi na kwamba sifa zake zinakidhi za huko. BCom ya Uhasibu hujaa, kwa hiyo kutoka Takwimu kwenda BCom ni kugumu kuliko kinyume chake. Akihama, ahakikishe taarifa zimefika kwa dawati la mikopo la chuo, la sivyo bumu litamtafuta kwenye programu aliyoihama.

Kuna njia ya katikati ambayo haisemwi sana. Mwanafunzi wa Takwimu anaweza kuchukua kozi za hiari kutoka UDBS kama idara zote mbili zinakubali na ratiba hazigongani. Achague uhasibu wa fedha na usimamizi wa fedha, aache zile za masoko na ujasiriamali zinazojulikana kwa kugawa A. Hazitamfanya mhasibu mbele ya NBAA, lakini kwenye usaili wa benki anayejua mizania na kuandika modeli anakumbukwa.

HesabuZaMfukoni

Maombi yenyewe, maana muda ukipita haya yote ni porojo.

Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, mfumo ule wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa kukusanya wote haupo tena. Kwenye mfumo wa UDSM apange BCom Uhasibu na Takwimu kwa mpangilio ambao yuko tayari kuishi nao, na asisome kima cha chini cha TCU peke yake. Kile cha masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 ni cha kumruhusu kuomba. A ni 5, B 4, C 3, kwa hiyo yeye ana pointi 10 kwa masomo yote matatu, yuko vizuri, ila ushindani ni wa waombaji wa mwaka huo. Asome ukurasa wa programu yenyewe kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, hasa masharti ya masomo gani yanahesabiwa na Hisabati ya kiwango gani. Kwa EGM hatakwama, lakini asome.

Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Laini hiyo iwe yake na iwe hewani. Watu wanapoteza nafasi kwa sababu laini ilikuwa ya mjomba aliyesafiri.

Bodi ya Mikopo msisubiri majibu ya chuo, maombi yake yanafunguliwa sambamba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, foleni ya uhakiki inakuwa ndefu kadiri siku ya mwisho inavyokaribia. Linganisheni majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, kitambulisho cha NIDA. "Mohamed" sehemu moja na "Mohammed" sehemu nyingine ni shida ambayo hutaiona mpaka majina yatoke na la kwake halimo. Kama alirudia Kidato cha Nne, ajaze namba zote za mtihani, na ya kwenye maombi ya chuo iwe ileile ya kwenye maombi ya mkopo, kwa sababu mifumo hiyo miwili inamtambua kwa namba hiyo. Fomu inachapwa, inasainiwa na serikali ya mtaa na kuthibitishwa na wakili au hakimu, kisha kurasa zenye sahihi zinapakiwa tena. Wengi wanasaini vizuri halafu wanasahau kupakia.

Na akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina lake mwenyewe, si ya Baba.

DadaWaTabata

Cheti chake cha kuzaliwa kina majina mawili, cha Kidato cha Nne kina matatu. Kesho asubuhi niko RITA.

MkaguziMkavu

Kabla ya RITA pitia kwa wakili upate hati ya kiapo ya majina, dada, uende nayo mkononi. Vinginevyo utazungushwa ukirudi Tabata mara mbili.